Soma Kinyesi Kabla ya Kufungua Chupa ya Dawa

Njiwa wale walikuwa kumi na wanane. Nilikuwa nimetoka chuoni juzijuzi, nimepata kazi katika bustani moja ya wanyama, na ukutani mwa ofisi ilitundikwa kalenda yenye maandishi ya wino mwekundu kila baada ya miezi mitatu: DAWA YA MINYOO, NDEGE WOTE. Siku ilipofika nilikoroga albendazo, ileile inayopatikana katika kila duka la dawa za mifugo, nikawapa ndege wote kama kalenda ilivyoagiza: kanga, tausi, bata na njiwa. Kanga na bata hawakudhurika. Njiwa walianza kujikunyata siku ya tano. Wiki mbili hazijaisha, saba walikuwa wamekufa, na waliopona walipoota manyoya mapya ya mabawa, yalitoka membamba na yamepinda kana kwamba yameunguzwa. Hakuna aliyejua kama njiwa wale walikuwa na minyoo tangu mwanzo. Hakuna aliyewahi kupima.

Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba jambo hilo lilikwisha andikwa. Mwaka 2002 madaktari wa ndege nchini Marekani walichapisha taarifa ya njiwa na hua waliodhurika kwa albendazo na fenbendazo. Mwaka 2003 ikatoka nyingine, safari hii ikihusu ndege wa kwetu Afrika waliokuwa wakifugwa huko: korongo mfuko-shingo, tumbusi mgongo-mweupe na tumbusi ngusha. Dawa za ukoo huo zinaweza kuharibu chembe za mwili zinazogawanyika upesi, yaani za uboho unaotengeneza damu, za ukuta wa ndani wa utumbo, na za mashina ya manyoya yanayoota. Kuku huzivumilia, ndiyo maana dukani utaambiwa kwamba dawa hii ni ya ndege. Lakini si kila ndege ni kuku. Tumbusi mgongo-mweupe leo amewekwa katika daraja la juu kabisa la hatari ya kutoweka porini, na kumpoteza mmoja kwa dawa ya mnyoo ambaye hatuna hakika kama yumo tumboni mwake ni msiba usio na sababu.

Ninayaandika haya kwa ajili yako unayetunza ndege walio ndani ya uzio: bustani ya wanyama, kituo cha yatima wa porini, hoteli yenye tausi bustanini, shule yenye banda la kanga na kasuku. Kuna kazi moja ninayotaka uianze kabla ya kununua chupa nyingine ya dawa. Jifunze kusoma kinyesi cha ndege wako, mara kwa mara, na uandike unachokiona.

Tuanze na banda lenyewe. Korongo taji akiwa kinamasini kwake hutembea kutwa nzima. Anachokiacha nyuma yake asubuhi hatakikanyaga tena jioni, na mayai ya minyoo yaliyomo hukauka juani au huoshwa na maji. Mtie korongo huyohuyo katika uga wa mita ishirini kwa ishirini, naye atakula palepale anaponyea, leo, kesho na mwakani. Idadi ndogo ya minyoo ambayo porini isingemsumbua inaanza kuongezeka, si kwa sababu ndege ni mchafu au mtunzaji ni mvivu, bali kwa sababu ardhi imekuwa ghala. Kwa hiyo unapopima kinyesi unapima vitu viwili kwa pamoja, ndege na udongo anaoukanyaga. Ukiwatibu ndege ukauacha udongo ulivyo, baada ya wiki chache utawakuta walewale na minyoo ileile.

Macho yako ndiyo kifaa cha kwanza. Kinyesi cha ndege kina sehemu tatu: kile kigumu cha kijani au kahawia, ile nyeupe kama chokaa ambayo ni mkojo mzito, na maji maangavu kidogo. Jamii ya kuku, wakiwamo kanga na tausi, hutoa pia mara chache kwa siku kinyesi cha aina nyingine, laini, cha kahawia iliyoiva, chenye kunata kama haluwa iliyoyeyuka. Hicho hutoka katika vifuko viwili vilivyo karibu na mwisho wa utumbo wao, wala si ugonjwa. Nimewaona watunzaji wapya wakikifagia kwa hofu na kukimbilia dawa ya kuhara. Usikifagie. Kikusanye, kwa sababu minyoo wadogo wanaoishi ndani ya vifuko hivyo huacha mayai yao hapo kuliko penginepo. Vinavyostahili kukushtua ni damu, ute mwingi, punje nyeupe zinazojisogeza kama mchele wenye uhai (hivyo ni vipande vya tegu), na kwa tausi na bata mzinga, kinyesi cha rangi ya manjano ya kiberiti. Hilo la mwisho nitalirudia.

Kukusanya sampuli ndiko kunakoharibu kazi nyingi kuliko hadubini mbovu. Kinyesi kilichookotwa juu ya udongo kina minyoo wa udongoni wasiohusiana na ndege hata kidogo, mayai ya utitiri, chavua za maua, na kila kitu cha kumtia mpimaji katika makosa. Tandika karatasi safi ya nailoni chini ya mti wanaolalia usiku, uje alfajiri uchukue kilicho kibichi, sehemu ya juu isiyogusa kitu. Weka katika kichupa kidogo kinachofungika, ukijaze ili hewa isiwe nyingi, uandike tarehe, banda, na namba ya pete ya mguuni kama unajua ni kinyesi cha nani. Kama hutapima saa hiyohiyo, weka kwenye friji, kamwe si kwenye sehemu ya kugandisha, maana barafu hupasua mayai. Na usitegemee sampuli moja. Minyoo hawatagi kila siku kwa kiwango kimoja, wala mbegu za koksidia, vijidudu vya utumboni, hazitoki kila saa. Kusanya siku tatu mfululizo, hata ukizichanganya pamoja na kuzipima mara moja.

Kuna kundi moja linalohitaji saa yake. Ndege wadogo waimbao, kama kwera, kuzi na shomoro, wana koksidia wa jamii ya isospora ambao mbegu zao hutoka kwa wingi alasiri na jioni, na asubuhi karibu hakuna. Jambo hili lilionekana kwa shomoro tangu miaka ya 1930, lakini bado nakutana na majibu ya maabara yanayosema hakuna kitu kwa sababu tu mtunzaji alipeleka kinyesi cha saa mbili asubuhi. Kwa ndege hawa kusanya kuanzia saa tisa alasiri hadi jua linapotua. Unapolinganisha mwezi huu na uliopita, hakikisha saa ni ileile, la sivyo unalinganisha saa na saa, si ugonjwa na ugonjwa.

Vaa glavu na barakoa, na usifagie kinyesi kikavu kabla ya kukinyunyizia maji. Vumbi la banda la kasuku linaweza kubeba bakteria wa homa ya kasuku, na homa hiyo huingia mapafuni mwa watu.

Sasa hadubini. Wengi huogopa hapa, na hawana sababu. Kituo kidogo kikiwa na hadubini moja ya kawaida ya shule, slaidi na vifuniko vyake vyembamba, chujio la chai, mzani mdogo na chumvi ya jikoni, kinaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi bila kungoja maabara ya mjini. Chemsha lita moja ya maji, tia chumvi ukikoroga, uendelee mpaka chumvi igome kuyeyuka na kubaki chini ya sufuria. Itakula kama gramu 360 hadi 400. Acha ipoe. Maji hayo ni mazito kuliko mayai mengi ya minyoo, kwa hiyo mayai huelea na uchafu huzama. Ponda gramu mbili au tatu za kinyesi ndani ya mililita 15 za maji hayo, chuja, mimina katika kichupa chembamba mpaka mdomo ujae na maji yafure kidogo juu, kisha lalisha kifuniko cha kioo juu yake. Ngoja dakika kumi hadi kumi na tano. Inua kifuniko wima, kiweke juu ya slaidi, utazame mara moja kwa ukuzaji wa mara 100, maana chumvi ikianza kukauka huota fuwele zinazofunika kila kitu. Wanaotaka muda zaidi hutumia sukari badala ya chumvi, gramu 454 kwa mililita 355 za maji, ambayo haikauki upesi na huyaelesha hata mayai mazito kiasi.

Njia hii haioni kila kitu. Mayai ya minyoo bapa wa ini na utumbo, wanaowapata bata na ndege wengine wa majini kupitia konokono, hayaelei; hayo hutafutwa chini, kwa kuacha kinyesi kilichokorogwa majini kitulie na kumwaga maji ya juu mara kadhaa. Vijidudu vinavyoogelea, kama vile vya jiadia, huharibiwa na chumvi. Hivyo vinataka tone la kinyesi cha moto moto, lililochanganywa na maji ya chumvi hafifu ya hospitalini, litazamwe dakika hiyohiyo. Na kwa ndege wanaokula nyama kuna mtego: bundi au tai aliyelishwa vifaranga wa kuku au panya anaweza kupitisha mbegu za koksidia wa kuku na mayai ya minyoo wa panya, vikatoka vilivyo bila kumgusa. Kabla hujamhukumu tai, uliza alikula nini jana.

Kuona mayai ni nusu ya kazi; nusu ya pili ni kuhesabu. Slaidi ya McMaster ilibuniwa Australia kwa ajili ya kondoo, na watafiti Gordon na Whitlock waliichapisha mwaka 1939. Ina vyumba viwili vilivyochorwa mistari, kila kimoja kikibeba mililita 0.15. Changanya gramu 4 za kinyesi na mililita 56 za maji ya chumvi, jaza vyumba vyote viwili, hesabu mayai yaliyomo ndani ya mistari, zidisha mara 50. Hiyo ndiyo idadi ya mayai katika gramu moja. Ndege mdogo hatakupa gramu 4, kwa hiyo tumia gramu 1 kwa mililita 14, hesabu haibadiliki. Ukiona mayai chini ya kifuniko cha kioo lakini hukuyaona kwenye McMaster, andika "yapo, chini ya 50". Usiandike sifuri.

Watu huniuliza: ni ngapi ndizo nyingi? Swali hilo halina jibu moja, na ninamwonea shaka anayelijibu haraka. Kanga mzima mwenye mayai 200 kwa gramu anaweza kuishi hivyo miaka, akitaga na kupigana na wenzake. Kifaranga wa wiki nne anaweza kuwa na utumbo uliojaa minyoo wachanga ambao bado hawajafikia kutaga, na kinyesi chake kikaonekana safi kabisa. Mnyoo mkubwa wa duara wa kuku, askaridia, huchukua kama wiki tano hadi nane tangu kumezwa mpaka kuanza kutaga. Kwa hiyo namba ya leo peke yake inasema kidogo sana. Kinachosema ni namba ya leo ikikaa karibu na ya mwezi uliopita, na ya msimu kama huu mwaka jana, katika banda lilelile. Korongo aliyezoea kuwa na 100 akifika 900, hata kama bado anacheza na kuruka, hapo pana habari. Weka pia uzito wake mstari huohuo. Ndege huficha ugonjwa mpaka nguvu zimwishie. Mzani huona kabla yako.

Sitakuchosha na orodha ya kila yai, lakini machache yanatosha kuanzia. Yai la askaridia ni la mviringo mrefu, ganda laini na nene. La kapilaria lina umbo la pipa au limau lenye kizibo kila upande, na likionekana, hasa kwa jamii ya kanga, kware na njiwa, lichukulie kwa uzito, maana minyoo hao ni wembamba kama uzi na huchimba ukuta wa utumbo au wa koo. La mnyoo mwekundu wa njia ya hewa nalo lina vifuniko pande zote mbili lakini ni pana zaidi; ndege hulikohoa, hulimeza, nalo likatoka kwenye kinyesi, kwa hiyo ukimwona korongo au kanga akipanua mdomo na kunyoosha shingo kana kwamba anaomba hewa, kinyesi kinaweza kukupa sababu. Koksidia ni viduara vidogo zaidi, vyenye ukuta maradufu.

Lipo yai moja ninalotaka likukoseshe usingizi ikiwa una tausi. Ni la heterakisi, mnyoo mweupe wa sentimita moja hivi anayeishi katika vile vifuko viwili vya utumbo. Kwa kuku hana madhara makubwa, na yai lake linafanana mno na la askaridia hata wapimaji wazoefu hulikosea. Lakini ndani ya yai hilo anaweza kusafiri kijidudu kiitwacho histomona, na huyo ndiye anayeua. Bata mzinga na tausi wakiambukizwa, vifuko vya utumbo huvimba na kujaa usaha mgumu, ini huota madoa ya duara yaliyobonyea katikati, na kinyesi hugeuka manjano ya kiberiti. Wengi hufa. Histomona mwenyewe ni dhaifu, akitoka nje ya mwili hadumu. Ndani ya yai la heterakisi hudumu udongoni kwa miaka. Nyungunyungu humeza mayai hayo na kuyatunza mwilini mwake, na mvua ikimtoa juu, tausi humshangilia.

Sasa fikiria bustani zetu. Karibu kila moja ina kuku wanaozurura, wa mlinzi au wa jirani, au wale waliowekwa makusudi kuatamia mayai ya tausi kwa sababu kuku ni mlezi mwema. Kuku huyo ndiye mlango. Ushauri wangu hapa hauna "labda": kuku wasiingie kabisa mahali tausi na bata mzinga wanapokaa, na mahali kuku walipowahi kufugwa pasijengwe banda la tausi. Ukikuta yai linalofanana na askaridia au heterakisi kwenye kinyesi cha tausi, chukulia ni heterakisi mpaka uthibitishe vingine, na mwite daktari siku hiyo. Usitegemee kwamba dawa itakuokoa baadaye. Nchini Marekani dawa ya mwisho iliyokuwa na kibali cha kuzuia histomona kwa bata mzinga iliondolewa sokoni mwishoni mwa 2015, na dawa ambazo daktari anaweza kujaribu hazifanyi kazi kila mara.

Kwa korongo hofu yangu ni nyingine. Koksidia wa ndege wengi hubaki utumboni. Wawili wanaowapata korongo, Eimeria gruis na Eimeria reichenowi, hutoka utumboni wakaingia ini, mapafu, moyo, karibu kila mahali. Hili lilichunguzwa sana katika kituo cha Patuxent, Maryland, walikokuwa wakilea korongo weupe wa Amerika waliobaki wachache duniani, na waliopotea zaidi walikuwa vifaranga. Ukilea vifaranga wa korongo, usiwalee kwenye uga uleule mwaka hadi mwaka. Wahamishie ardhi iliyopumzika. Wanyarwanda waliokusanya zaidi ya korongo taji 200 waliokuwa wakifugwa kinyume cha sheria katika mahoteli na nyumba za watu, kwa kazi iliyoanza mwaka 2014, hawakuwapeleka moja kwa moja mbugani Akagera. Waliwaweka kwanza karantini na kuwapima afya. Ndege aliyeishi miaka kumi kwenye bustani ya hoteli pamoja na kuku anaweza kupeleka mbugani kitu ambacho korongo wa porini hawakuwa nacho.

Karantini hiyo ifuate na wewe kwa kila ndege mgeni, hata aliyetoka katika bustani unayoiheshimu. Siku 30 zisipungue. Pima mwanzo, katikati na mwisho. Mtunzaji awahudumie wageni mwisho wa zamu yake, na ndoo, fagio na buti visitoke humo. Mmoja akitoka na mayai, hesabu ya wote waliokaa naye inaanza upya. Inachosha, na utashinikizwa na wakubwa wanaotaka wageni waonekane Jumapili. Kataa kwa heshima.

Kwa waliokwisha kukaa, mimi hupima ndege wakubwa wa kila banda mara nne kwa mwaka, na wale wa ardhini, vifaranga, na banda lililowahi kuwa na shida kila mwezi. Ndege wa majini na kasuku wa mabanda ya sakafu ya saruji unaweza kuwapunguzia. Heroe ni suala la pekee: wengi wao wana tegu ambao mabuu yao hukaa ndani ya uduvi wa maji ya chumvi, na ukiwalisha chakula cha kutengenezwa mzunguko huo unakatika wenyewe. Usihangaike kumtibu heroe mwenye afya.

Sasa tuifungue ile chupa, maana wakati mwingine ni lazima. Kwanza jibu la kinyesi liwepo, na daktari anayejua ndege ajue jina la ndege, si "ndege" tu. Mpime uzito siku hiyo, usikisie. Dawa ndani ya maji ya kunywa ni kamari, maana aliye mgonjwa zaidi ndiye anayekunywa kidogo zaidi, na dawa nyingi hutuama chini ya chombo. Bora ndani ya chakula cha mmoja mmoja au mkononi. Dawa za ukoo wa bendazo zisiwaguse njiwa, hua, korongo mfuko-shingo na tumbusi, wala ndege yeyote aliye katikati ya kubadili manyoya, isipokuwa daktari ameeleza sababu. Levamiso nayo ina nafasi nyembamba sana kati ya kipimo kinachotibu na kinachoua. Kisha fanya jambo ambalo karibu kila mtu huliruka: siku ya 10 hadi 14 baada ya dawa, pima tena. Kama idadi haikushuka angalau kwa asilimia 90, huenda kipimo kilikuwa kidogo, au dawa haikumezwa, au minyoo wako wamekuwa sugu. Usugu si hadithi. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani waliripoti minyoo wa duara wa bata mzinga wasiosikia fenbendazo. Kalenda nyekundu kama ile ya ofisini kwetu, dawa ileile kwa ndege wote mwaka hadi mwaka, ndiyo shule inayowafundisha minyoo usugu.

Pesa utakayookoa kwenye dawa ipeleke kwenye ardhi. Mbegu za koksidia zinahitaji siku moja au mbili nje, zenye joto na unyevu, kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo anayefagia kila siku anamtangulia mdudu, na anayefagia kila wiki anamngojea. Mayai ya minyoo huchukua muda mrefu zaidi, kama wiki mbili au zaidi, lakini yakishakomaa hukaa. Dawa za kuua vijidudu za kawaida na jiki haziyafanyi kitu. Maji yanayochemka huyaua, mvuke huyaua, moto huyaua, jua kali na ukavu huyapunguza. Kwa hiyo kata matawi yanayoziba jua, toa udongo wa juu kiasi cha kiganja chini ya miti ya kulalia, tia changarawe inayopitisha maji, inua vyombo vya chakula viwe juu ya kifua cha ndege, na usiwahi kuweka chakula chini ya mahali wanapolala. Bomba linalovuja karibu na banda huzalisha ugonjwa zaidi kuliko mgeni yeyote wa karantini.

Na anayekufa apasuliwe. Kila mmoja, hata shomoro aliyekutwa chini asubuhi, siku hiyohiyo kabla hajaoza. Fungua njia ya hewa utafute minyoo wekundu wenye umbo la herufi Y, dume na jike walioungana daima. Fungua utumbo kuanzia firigisi hadi mwisho, na vifuko vyote viwili, juu ya sahani nyeusi yenye maji ili weupe uonekane. Minyoo utakaowakuta watie katika spiriti ya asilimia 70 na karatasi iliyoandikwa kwa penseli ndani, maana wino huyeyuka. Majibu yaandike kwenye ukurasa uleule wa hesabu za kinyesi za banda hilo, maana hapo ndipo utakapojua kama hesabu zako zilikuwa zikikwambia kweli.

Mtunzaji aliyenifundisha haya kwa vitendo alikuwa mzee asiyewahi kukaa darasani kusoma udaktari. Baada ya msiba wa njiwa alinijia na daftari la shule, akasema, "Mwanangu, wewe hesabu, mimi niandike." Nikamwambia, "Sawa, mzee." Alipiga mstari wa tarehe, wa banda, wa namba, wa uzito, kisha akaongeza mmoja ambao sikuuomba: mvua. Kila asubuhi aliandika kama usiku ilinyesha. Miaka mitatu ilipopita tulikaa chini ya mwembe tukazipitia kurasa zote, na tukaona kwamba koksidia wa vifaranga wa kanga walikuwa wakipanda kila mwaka wiki ya tatu au ya nne baada ya masika kuanza, wakati sisi tulizoea kupima Juni, vifaranga wakiwa wamekwisha kufa. Tukafuta Juni. Siku ya kupima ikawa inahesabiwa kutoka mvua ya kwanza kubwa, na masika yaliyofuata tuliziona mbegu za koksidia chini ya kioo kabla ya kifaranga hata mmoja kuanza kuhara.